Mama Mkwe, Sikukushika

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila kuanza bila kukuamkia ni utovu wa adabu.

Ulipoletwa kwetu Boko kutoka Songea, ulikuwa umeanguka, na ukikaa chini huinuki mpaka uinuliwe. Ulitaka jambo moja tu: kurudi kwako, tena usiwe mzigo kwa majirani. Neema akanigeukia. "Mume wangu, si wewe mwalimu wa yoga? Mfundishe mama." Nikacheka. Kwenu mkwe hamshiki mama mkwe, hata sebule moja hawakai. Na mie nilikuwaga mwalimu wa mikono: mtu asipofika, namkandamiza mgongo afike. Mwanafunzi wangu mmoja pale Mwananyamala nilishamtegua kiuno kwa ubishi huo.

Wewe ndiye uliyeamua. "Baba, kaa barazani useme. Masikio ninayo."

Basi ikawa hivyo kila asubuhi, pazia katikati. Nikikuambia ugeukie ubavu, sikuoni, ikabidi nikuulize nisichowahi kumuuliza mwanafunzi: unasikia nini? Nawe hukunificha. "Hapa panauma. Hapa panakubali. Ngoja kwanza." Tukangoja. Siku nyingine ulisinzia, nikabaki naongea na pazia kama chizi.

Wiki ya tano ulinyamaza kirefu, nikaingiwa hofu. Kisha sauti yako ikatokea juu, karibu kabisa na mlango. "Nimesimama. Na Neema yuko sokoni." Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, mama. Ulirudi Songea ukalima miaka miwili.

Siku hizi darasani mikono naiweka nyuma. Namwambia mtu aende hadi pale mwili unapokubali, apumue, asubiri. Wengine wananitania, "Mwalimu, umezeeka." Sawa, lakini sijamtegua mtu tena, na hata mie mwenyewe naamka kitandani bila kushika ukuta.

Kilichonifanya niandike ni siku ya mazishi yako. Shemeji alinipa nafasi ya mbele kubeba jeneza. Wenzangu wameshainama, mie nimesimama tu. Wakadhani nimezidiwa na uchungu. Nilizidiwa, kweli. Lakini pia nilikuwa nangoja uniruhusu.

Pumzika, mama. Neema anakuamkia.

Mkweo