Kosa la Daraja B

Bi Odessa mpendwa,

Nasoma safu yako gazetini kila wiki; leo naomba unisikilize, nimechoka hata kulia siwezi. Baba yangu, Wendell, kumbukumbu zimemtoka, anaishi nyumba ya kulelea wazee hapa mjini Modesto, na Julai alitoka mlango wa nyuma bila viatu, akatembea juani lami inachemka mpaka dereva wa lori la nyanya akamkuta ukingoni mwa mfereji, nyayo zimebabuka, baba anamuuliza kama amemwona mama yangu, ambaye tulishamzika, na kengele ya mlango ilikuwa imezimwa. Nikalalamika kwa idara ya jimbo inayosimamia nyumba hizi, mkaguzi akaja, na juzi nimeambiwa ni kosa la daraja B, lenye faini ndogo. Nikampigia mkaguzi. "AA ni mtu akifa, mama," akasema. "A ni hatari kubwa ya kifo au madhara mabaya. Baba yako si anapona?"

Nataka kupinga, lakini meneja wa nyumba, Bwana Prescott, kaniita, kwa upole kabisa: "Ukilipandisha daraja kosa hili, nitamfukuza aliyezima kengele. Ni Marisela." Bi Odessa, huyo ndiye msaidizi pekee ambaye baba hukubali amlishe! Nikamfuata Marisela penye magari, akaniambia, "Ile kengele ililia ovyo tangu Pasaka. Nikasema itengenezwe, bosi Prescott akaniambia zima, inakera wageni. Lakini usinitaje, Denise, nina watoto." Nikinyamaza namsaliti baba, nikisema namponza Marisela. Nifanyeje?

Denise

Denise,

Pole sana. Sasa acha kumbebea Prescott mzigo wake. Adhabu huandikiwa nyumba, si msaidizi, na kumtishia mfanyakazi ili wewe unyamaze ni kosa jingine. Halafu, nani kakwambia daraja hupimwa kwa mtu kupona? Hupimwa pia kwa hatari iliyokuwepo. Mzee asiyejua arudi wapi, joto lile, maji yale: unataka nini zaidi?

Na muda wa kuomba kikao cha kupinga ni siku chache, wewe unazimaliza kuniandikia mimi! Ndiyo maana nilikupigia kabla ya gazeti kutoka. Wasomaji wajue: Denise aliomba kikao, akaenda na mtetezi wa wakazi wa nyumba za wazee, ambaye halipishi mtu. Hakumtaja Marisela. Aliuliza tu, "Nani aliruhusu mlango ukae bila kengele tangu Pasaka?" Mkaguzi akarudi kuwahoji wafanyakazi mmoja mmoja, faragha, na Marisela akasema mwenyewe. Sasa kosa ni la daraja A.

Nyumba imekata rufaa, Denise, kama nilivyotarajia. Itachukua miezi, na huenda faini ikapunguzwa. Usikubali mapatano yoyote bila mtetezi. Marisela akiguswa, apeleke malalamiko kwa idara siku hiyo hiyo; namba yao anayo. Mengine waachie wanaolipwa kwa kazi hiyo. Wewe nenda kwa baba yako, usikague kitu, usiulize mtu swali. Kaa naye tu. Akikuuliza mama yuko wapi, mshike mkono.