Kangaga Ninaloling'oa Kila Mwaka

Makere, kwa mdogo wangu Benita, Kibondo.

Mwakeye, mdogo wangu. Mimi nina miaka themanini na moja. Nimezika wake wawili, nimezika wenyeviti watatu wa kijiji, meno yote yamekwenda na mimi nipo. Naandika kwa mkono wangu huu wa darasa la pili, sikumpa mtu aniandikie, utaona kwa nini. Miguu yako je? Dawa ya hospitali ya Kabanga imesaidia? Mimi goti lilinilaza tangu masika mpaka juzi, lakini halijaniweza.

Hapa wamekuja watu wa kutafuta maji. Yupo na binti wa Kikongo wa kambini Nyarugusu, Nadège, amesomea majani. Wakauliza nani anavijua vilima hivi, wakaambiwa ni mimi, nani mwingine. Nikamfundisha makangaga, majani yale yasiyotoa ua, kila moja na mahali pake. Kuna kangaga gumu la jua, hilo linapenda mlima uliochomwa moto. Kuna lile la kwenye magome ya miti, kiangazi linajikunja kama ngumi ya maiti, mvua moja tu linafunguka. Kuna lile refu kama mgomba, halitoki bondeni penye ukungu. Na kuna lile laini, kijiti chake cheusi kama unywele, hilo bila kivuli na maji ya kudondoka halimalizi wiki. Binti akaandika yote, akaniita profesa. Sikukataa.

Siku ya Jumanne binti akarudi anacheka, akasema babu umenidanganya, lile laini nimelikuta mgongoni mwa kilima kwenye jua kali, katikati ya rundo la mawe nyuma ya shamba lako. Akasema basi chini pana maji, na Jumatatu wanachimba.

Benita, kangaga lile nalijua. Naling'oa kila mwaka, mwaka wa sitini sasa, na kila mwaka linarudi. Mwaka huu goti lilinizuia.

Ndugu yetu Melkiadi hakwenda Tanga kukata mkonge. Ile sahani unayomwekea kila Krismasi, usiiweke tena. Tulikuwa tunachimba kisima pale, mimi na yeye, kwa sababu nilibisha na baba kwamba maji yapo. Melkiadi yuko chini akasema kaka, udongo unamwagika, nitoe. Nikamwambia we mwoga, ongeza kina mikono mitatu. Udongo ukafunga shimo. Aliniita mpaka jua likafika utosini, halafu basi. Nilimwogopa baba. Nikasema amepanda lori la manamba.

Na maji yalikuwepo, Benita. Kwa hilo nilisema kweli.

Njoo kabla ya Jumatatu. Nataka tumtoe sisi, isimtoe mashine. Nisalimie watoto na wajukuu, na huyo mumeo mvivu.

Ukifika nikikataa mbele ya watu, maana unanijua, muulize Mpawenimana wa Rungwe Mpya, bado yu hai. Ndiye alinisaidia kubeba mawe, nikamwambia tunafunika shimo kavu. Siku ile aliniuliza mbona majembe ni mawili na mtu ni mmoja.

Ni mimi, kaka yenu,
Leonidasi