Neno la Mama kwenye Kompyuta

Dada Wawira,

Mko aje huko Karurumo? Huku Meru ni baridi na manyunyu. Leo hapa Makutano nimekutana ana kwa ana na wenzangu wa mtandaoni, tunaotafsiri programu huria ya kompyuta kwa lugha zetu. Kwenye kitufe cha kuhifadhi kazi, vijana walitaka tuandike "sevu" tu. Mwalimu Kanana wa Kianjai akakataa: "Programu ni ya sisi wote. Mbona iongee kama mgeni?" Akaniuliza, "Kwenu Embu mnasemaje?"

Nikataja neno la Mama, la kuweka mbegu za maharagwe juu ya moshi zisiharibike. Walilirudia mara mbili tatu, wakaliandika. Nikatoka nje kulia, maana tangu tulipomzika sikuwa nimelitamka.

Nina hamu ya kukuona. Nikirudi tuongee Kiembu mpaka tuchoke.

Mdogo wako,
Igoki