Ukungu Ndani ya Lenzi Yako

Chumba cha nyuma, studioni,
Jumapili, 14 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Leo nimeapa kukueleza yote, hata yale yanayonitia haya. Lakini kwanza, hujambo? Kifua chako kimepona? Baridi ya huko imepungua? Sisi huku tu wazima. Mama anaiendesha studio yako vizuri, ingawa miguu humvimba akisimama sana.

Kamera uliyotuachia bado inafanya kazi. Mpira wa kushikia umeanza kubanduka, na maandishi ya vitufe yamefutika kwa vidole. Kila Jumamosi naisafisha kama ulivyonifundisha: kipulizo kwanza, kisha brashi, kitambaa mwisho kabisa, maana punje moja ya mchanga ikisuguliwa kwenye kioo huacha mkwaruzo usiotoka. Vyuma vya betri navisugua kwa kifutio cha penseli.

Anayepiga picha ni Dada, binti wa Mama Mkubwa. Wateja wanamwita Jicho. Mimi wananiita Kitambaa. "Kitambaa, hebu tuitie Jicho!" wanasema mlangoni, nami naenda kumwita. Mjomba, wivu unanila. Yeye hufuta lenzi kwa pindo la gauni, na bado picha zake ndizo zinazobandikwa dirishani. Mimi nilipiga moja tu, ya Mama akicheka. Iko ndani ya daftari langu la jiografia.

Mwezi wa kwanza Dada alinyeshewa akitoka kazini, akaifungia kamera ndani ya mkoba wa ngozi uliolowa. Ikakaa humo wiki nzima. Nilipomulika lenzi kwa tochi, niliona uzi mweupe, mwembamba kama wa buibui, pembeni mwa kioo, upande wa ndani. Nilijua ni ukungu. Nilijua pia kwamba utakua. Nikarudisha kifuniko, nikanyamaza. Nilitaka Mama auone mwenyewe, amkaripie Dada, kamera nipewe mimi. Nilinyamaza Jumamosi tano.

Yakaja mahafali ya shule ya jirani. Picha zote zilizopigwa kuelekea dirishani zilitoka na weupe kama wa maziwa. Mama akamwita fundi wa kamera. Aliimulika lenzi, akaguna.

"Huu si wa jana. Nani husafisha hapa?"

Wote wakanitazama. Nikasema, "Sikuuona."

"Mwacheni mtoto wa watu," Dada akadakia. "Kosa ni langu, niliifungia mkobani na maji yake. Na wewe fundi, mbona umeuona kwa miwani miwili?"

Kweli fundi alikuwa na miwani usoni na mingine kichwani. Watu wakacheka, isipokuwa mimi. Heri Dada angenisema. Nilijikuta natamka mbele yao wote kwamba niliuona ukungu ule mapema, na kwamba niliuacha makusudi.

Mama hakupaza sauti. Alisema tu, "Mama yangu mie!" akakaa. Dada akanigeukia. "Kumbe unanichukia kiasi hicho," akasema, "na usiku unanivuta shuka kama kawaida."

Fundi ameifungua lenzi na kuusafisha ukungu. Limebaki doa dogo sana pembeni, halionekani kwenye picha. Nisamehe, Mjomba. Ni mali yako, nami ndiye uliyenikabidhi.

Sasa liko hili. Jana Dada alivuta kigoda akaja mezani pangu. "Nifundishe kusafisha," akasema, "nimechoka kuharibu." Nimemwomba asubiri nimalize mitihani. Simchukii, nakuambia kweli. Lakini mikono yake ni myepesi, atajua kila kitu kwa siku mbili, na watu watasema hata hili analiweza.

Mama, Mama Mkubwa na Dada wanakusalimu. Mkaza Mjomba na mapacha nao nisalimie sana. Mungu akupe pumzi ya kutosha na kazi isiyokuchosha.

Mitihani inaisha baada ya wiki tatu, kwa hiyo naomba unijibu kwa barua ya kwanza itakayotoka huko: nikimfundisha na kazi hii, mimi nitabaki na nini?

Mpwa wako mdogo, akupendaye sana.