Kitenge Chini ya Mashine ya Rosette

Hapa mujini Baraka, siku ya tatu ya juma

Eddy,

Nani alikufundisha kumuita dada yako mujinga katika simu? Koko yako, bibi yenu wote wawili, iko na masikio. Rosette alijaribu kuweka ile programu ya Linux katika kompyuta yake mara tatu, na mara tatu mashine ikazimika katikati. Na we kule Bukavu unapiga makelele tu: "Badilisha flash! Anza tena!" Haukumuuliza hata mara moja mashine imelala juu ya nini.

Jana akaifunga, akasema masomo ya informatike ameacha. Mi nikakasirika, nikaingiza mukono chini ya ile mashine: inachoma sawa mbabula ya makaa! Ilikuwa juu ya kitenge, matundu yote yamezibwa. Nikaipandisha juu ya matofali mbili, hewa ipite. Rosette akaanza tena, Linux ikaingia mpaka mwisho. Na mi sikumaliza hata mwaka wa pili wa primeri.

Kile kitenge ni mimi nilikitandika, vumbi isiingie katika mashine. Nimekwisha kumuomba Rosette pardon. Sasa mashine haioni wifi, na yeye hataki kukuuliza tena.

Mupigie leo. Pardon kwanza, wifi nyuma.

Koko yako,
Pulchérie