Mgonjwa Hupita

Buffalo, majira ya baridi, 2015

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Yesu. Mama anaendeleaje na magoti yake? Na ngiri yako, inakuacha ulale? Mimi ni mzima, ila nimechoka. Kazi yangu ni kuogesha na kuvalisha wazee, na jioni mgongo unauma kana kwamba nami ni mmoja wao.

Jonasi alinipigia simu. "Dada, nilituma pikipiki imchukue mzee aende kupasuliwa ngiri. Mvua ikanyesha. Bon, mzee akateremsha bariyeri!"

"Bariyeri gani? Barabara si imekufa?"

"Muulize yeye! Amemwambia dereva, 'Ngoja udongo ukauke, kijana.' Dereva akangoja, akachoka, akarudi peke yake."

Nilicheka, Baba, nisamehe. Kisha chakula kikanishinda.

Historia ya barabara hiyo umenilea nayo. Babu na wenzake waliichimba kwa majembe, kwa kulazimishwa. Wewe ukarithi kipande chetu, mifereji yake, na bariyeri, ule mti wa kuzuia malori mvua ikinyesha, yasiigeuze barabara kuwa matope. Madereva walingoja kwetu wakila sombe ya Mama. Kisha daraja la malori likaanguka, mkoa ukapitisha barabara nyingine kando ya ziwa, na masoko ya milimani yakafifia. Wewe hukuweka jembe chini.

Tulipohama kutoka Louisville kuja huku Buffalo tulipitia Columbus kumwona binamu Furaha. Akitusindikiza, tukapotea, tukaingia barabara yao ya zamani. Vijiji vimenyamaza, pampu za mafuta zina kutu. Furaha akasema, "Hapa hakuna hata mtu wa kufyeka." Nilikuona wewe.

Juzi theluji ilizidi, magari yote yakakatazwa barabarani. Nilikwama kazini, nikiangalia dirishani. Gari moja tu lilipita, la wagonjwa. Nikakumbuka siku Mama Rebeka aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, malori yamesimama mvuani. Ulipolifungulia gari lililombeba, madereva walipiga kelele: "Mzee, na sisi je?"

"Mgonjwa hupita," ukawajibu. "Ninyi mna ndizi tu."

Jonasi atatuma pikipiki tena, na huenda mvua itanyesha. Baba, safari hii mgonjwa ni wewe.

Nisalimie Mama, Jonasi na mkewe, shangazi mfuga mbuzi, na Mama Rebeka pamoja na binti yake, yule aliyewahi kufika hospitali kabla hajazaliwa.

Inua ule mti, upite.

Mimi binti yako,
Neema