Biri Isiyokuwa ya Baba

Baba,

Baba mdogo Bakari haongei na mimi. Tangu tuliporudi kutoka Nachingwea ananipita barabarani kama anayepita kisiki. Najua habari hii itakuuma, ndiyo maana nimeitanguliza, ili hizi nyingine uzisikilize ukiwa umeshakaa.

Uliondoka mvua za mwisho zikinyesha, tumbaku ikiwa bado shambani, majani yamenifika kiunoni. Daktari wa Mnero hakusema ni moshi uliokuua, wala hakusema siyo. Alisema moyo. Sikumuuliza zaidi. Nilikuwa nimekushika mguu, na ulikuwa umeshapoa.

Arobaini ilipopita, Baba mdogo alikuja uani na jembe begani. Alisema tung'oe tumbaku, tujiandae kupanda ufuta kama watu wengine wa Mbekenyera. Kazi hii ya kusokota biri, alisema, babu aliiokota jikoni kwa Wazungu wa mashamba ya karanga alipokuwa mpishi wao, akakuachia wewe, na sasa umekwenda nayo. "Mtoto wa kike, tena aliyeachika, akae na tumbaku mdomoni? Watu watasema nini?" Mama, ambaye tangu mazishi hakuwa anasema zaidi ya kuitikia salamu, akatoka jikoni akifuta mikono. "Shemeji, shamba hili nilipewa na mama yangu. Jembe lako lirudishe kwako." Nilikaribia kucheka, Baba. Nilikumbuka ulivyokuwa ukimwogopa.

Basi nikavuna. Nikatundika majani bandani, yalipokauka nikayavundika chini ya magunia kama ulivyonifundisha, nikiyageuza yasiungue kwa joto lao wenyewe. Unakumbuka ulivyokuwa ukiniambia nifumbe macho, kisha unanisogezea jani puani? Nikisema linanukia asali kwa sababu tu nilikuona ukinyunyiza asali, unakasirika. "Somoe, usinitajie ninachotaka. Nitajie kilichopo." Nilikuwa nimetoka kwa mwanamume niliyeishi naye kwa kutaja anachotaka, asubuhi hadi usiku. Wewe ndiye uliyeniachisha ile tabia, na sijui kama ulijua.

Asali mwaka huu haikupatikana. Mrina asali wako amehamia Namungo, anachimba dhahabu. Korosho zilipoanza kuanguka, mabibo yakatapakaa uani, harufu inaingia mpaka ndani. Nikayakamua, nikanyunyizia majani yale maji yake. Sikumwomba mtu ruhusa. Nikasokota, nikabandika jani la nje kwa uji wa muhogo, nikasubiri zikauke, nikawasha moja peke yangu bandani. Haikuwa yako. Nilikaa nayo mpaka ikafika vidoleni, na nikaipenda.

Baba mdogo aliposikia nimeanza kuuza, akaja na shauri. Twende kwa Mwalimu Kasanda, rafiki yako, yule Mnyamwezi aliyeletwa Nachingwea kufundisha akastaafia hapo hapo, aliyekulia katikati ya tumbaku Tabora na kuvuta biri zako tangu sijazaliwa. Afungwe macho, apewe yako na yangu. Akishindwa kuzitofautisha, niendelee. Akizitofautisha, niache. Sharti hilo sikulikubali, Baba, nataka ulijue. Nilimwambia, "Kuonjesha nitaonjesha. Hayo mengine ni yako."

Tukaenda, kila mtu na bodaboda yake hadi Ruangwa mjini, halafu basi dogo. Mwalimu alitupokea barazani kwake. Amekonda. Baba mdogo akatoa moja ya zile ulizoacha kabatini, akaivua karatasi nyekundu uliyokuwa ukizizungushia, akailaza kando ya yangu. Zikawa sawa tu, biri mbili za kahawia zisizo na jina. Mwalimu akafungwa kitambaa machoni huku akijicheka.

Akawashiwa ya kwanza. Alivuta, akauweka moshi mdomoni, akautoa taratibu. Kisha nikaona kitambaa kinalowa. "Huyu ni rafiki yangu," akasema. Hakusema biri, Baba. Alisema huyu.

Akanywa maji, akawashiwa ya pili. "Hii siyo yake. Inaanza na uchachu, halafu kuna utamu unakuja nyuma. Ni kali. Na aliyeisokota anakaza mkono kuliko marehemu."

Baba mdogo akamuuliza ipi bora. Mwalimu hakunionea huruma. "Mimi nataka ya marehemu," akasema.

Iliniuma. Niliona aibu mbele ya mzee aliyenijua nikiwa nabebwa mgongoni. Lakini chini ya ile aibu kulikuwa na kitu kigumu, na ndicho kilichoniinua kitini. Baba mdogo alikuwa ameanza, "Umesikia mwenyewe. Kwa hiyo basi." Nikamwambia, "Nimesikia, na Mwalimu amesema kweli yote. Siyo ya Baba. Ni yangu. Ina uchachu kwa sababu nimeitia uchachu."

"Kwa hiyo huachi?"

"Siachi."

Akachukua kofia yake akaondoka, chai yake ikiwa haijaguswa. Mwalimu, bado kitambaa kiko machoni, akauliza amebaki nani. Nikamwambia ni mimi, Somoe. "Hii ya pili unaichukua, au nimalizie?"

Nikamwambia amalizie.

Wateja wako wengine wameacha. Mmoja wa Namungo alinirudishia kifurushi kizima, akasema anaogopa mkono wa mwanamke. Nikakipokea, nikamtakia safari njema. Wengine wanachukua kimya kimya na kurudi kuchukua tena. Karatasi nyekundu sizizungushii zangu. Ile ni yako, sitaivaa kama nguo ya kuazima. Baba mdogo namsalimia kila tukikutana, na nitaendelea kumsalimia hata asipoitika, kwa sababu ni ndugu yako. Kuomba radhi, hapana. Sina ninachokiombea.

Kuna jioni najikuta nageuka bandani ili nikuulize kitu, na neno limeshafika mdomoni. Hapo ndipo panaponishinda. Nakaa chini. Nikishamaliza kulia nainuka, naendelea nilipoishia.

Mama hajambo. Ananiita sasa hivi, kitalu cha tumbaku kinataka maji, miche ni midogo mno, jua kali.

Lala, Baba. Mungu akupanulie hapo ulipo, na akusamehe moshi wako wote. Sikuahidi kuwa wewe. Nakuahidi nitalima, nitasokota, nitataja kilichopo. Na siku mtu atakapovuta biri yangu akaniambia, kwa kutaka kunifurahisha tu, kwamba amekuonja wewe, nitamwambia amekosea, afumbe macho aonje tena.

Mwanao,
Somoe